Kasha la Mama na Tui la Kwanza

Tui la kwanza huingia mwisho.

Umemsikia mama yako akilisema neno hilo asubuhi, Salha, ukanuna. Mshahara wako wa kwanza umeingia juzi, jana umewalisha rafiki zako sita kuku wa kukaanga, na leo unaniuliza mama kautoa wapi msemo huo. Kautoa kwangu. Mimi niliutoa kwa baba yangu, na baba aliutoa kwa mtu ambaye mwenyewe hakujua kuwa ametoa methali. Kaa chini basi. Na wewe Jaha, weka hiyo simu, vuta ungo uchague mchele huku unasikiliza, maana masikio hayana kazi na vidole. Neno hili lilizaliwa jikoni kwetu, Tanga, mtaa wa Ngamiani, mwaka niliokuwa na miaka kumi, na lilizaliwa hivi.

Baba yangu aliitwa Mbwana Jambia, fundi rangi katika karakana ya reli. Kazi yake ilikuwa kupaka mabehewa. Jioni akirudi ananukia tapentaini, na kucha zake zina rangi nyekundu isiyotoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Mpaka leo nikipita penye duka la rangi husimama kidogo, watu wakadhani bibi kachoka, wakaniletea kiti. Sijachoka. Nanusa tu.

Mama yetu, Mwanamkasi, alifariki wakati wa masika. Homa ya siku nne, basi. Alituacha watatu: mimi Mwantumu, mdogo wangu Mkadamu wa miaka saba, na Siwema, ambaye alikuwa hajatimiza mitatu na bado alikuwa akimwita mama kila akisikia mlango unafunguliwa. Hilo lilimuumiza baba kuliko matanga yenyewe.

Siku ya arobaini alikuja bibi yetu mzaa mama, Bibi Mwanasha, kutoka Pangani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, mwenye shamba la minazi na maneno yasiyopingwa. Hitima ikasomwa, watu wakala, wageni wakaanza kutawanyika. Wakabaki wa ukoo. Bibi akajifunga kanga yake vizuri, akamgeukia baba.

"Mbwana," alisema, "mwanangu umemzika vizuri, Mungu atakulipa. Sasa tuwaseme walio hai. Mwantumu nitakaa naye mimi. Mkadamu ataenda kwa mjomba wake, Muheza. Huyu mdogo atalelewa na mama yake mdogo, Korogwe."

Baba alikuwa amempakata Siwema. Alimshika zaidi.

"Mama," alisema, "niachie wanangu."

"Utawalea na nani?"

"Nitawalea mwenyewe."

Watu wakaguna. Kuna mjomba mmoja alicheka kabisa, mimi nikamchukia tangu siku ile hadi alipokufa, Mungu amrehemu. Siku hizo mgane aliyebaki na watoto alikuwa na njia mbili tu: aoe haraka au awagawe. Ya tatu haikuwepo.

Bibi alisema, "Baba, sikutukani. Mwanamume anajua kuleta chakula. Kukifikisha mwisho wa mwezi, hajui. Lakini kwa kuwa umeniomba, nakupa miezi mitatu. Nitakuja kuwaangalia, wala sitaleta habari kwamba nakuja. Na sitakuja mwanzo wa mwezi, maana mwanzo wa mwezi kila mwanamume ni tajiri. Nitakuja wakati wa ukata. Siku nitakayokuta nyumba haina cha kuwapa hawa watoto, naondoka nao watatu, na wewe usinidai neno."

Baba akasema, "Nimekubali, mama." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia yote. Nilijua Muheza na Korogwe ni mbali, na nilijua mjukuu akishapelekwa kulelewa harudi tena kuwa wa nyumba ile. Nikalia mpaka pazia likalowa.

Basi mshahara wa kwanza ukaingia. Enhe, Salha, sikiliza hapa! Baba alitaka tusahau. Alirudi na nyama kilo mbili, mchele wa Mbeya, halua, sambusa, na viatu vya Mkadamu ambavyo havikuhitajika. Nyumba ikanukia kama nyumba ya harusi. Kwa wiki nzima tulikula kama watoto wa tajiri, na Siwema alicheka kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke. Wiki ya pili nyama ikawa maharage. Wiki ya tatu maharage yakawa maji ya maharage. Wiki ya nne tulikunywa uji wa chumvi asubuhi na uji wa chumvi jioni, na baba aliuza baiskeli yake akawa anakwenda kazini kwa miguu. Bahati ya Mungu, mwezi ule bibi hakuja.

Ungedhani amejifunza. Wapi! Mwezi wa pili akafanya yale yale, kidogo tu akapunguza halua. Hakuwa mjinga baba yangu, msije mkadhani. Alikuwa na huzuni, na mtu mwenye huzuni akipata pesa hununua kicheko cha siku moja. Pia hakuwahi kukaa jikoni maisha yake yote. Mama ndiye aliyepokea mshahara mkononi mwake siku ile ile, na jinsi alivyoutembeza mpaka tarehe thelathini baba hakuwahi kuuliza. Kila siku alikuta sahani, akala, akashukuru.

Tarehe kumi na nane ya mwezi ule wa pili, tunasikia hodi. Bibi Mwanasha, na nazi sita kwenye kikapu. Baba rangi ikamtoka. Ndani kulikuwa na unga wa siku mbili, kisamvu alichokichuma kwa jirani, na chumvi. Bibi aliingia mpaka jikoni, akafunua vyungu, akafunua mtungi, akafunua hata kilichokuwa hakina mfuniko. Akakaa mlangoni.

"Pika, Mbwana," alisema, "tule."

Baba akashuka uani akaketi kwenye mbuzi, akaanza kukuna nazi. Jirani yetu Bi Sikudhani alikuwa akichungulia juu ya ua na kanga mdomoni, maana mwanamume juu ya mbuzi ya nazi, kwa siku zile, ilikuwa sinema ya bure. Baba hakujali. Akakuna nazi ikaisha, akaitia kwenye kifumbu na maji kidogo, akakamua. Likatoka tui la kwanza, jeupe, zito, la kung'ang'ania bakuli. Akakamua tena kwa maji mengi, likatoka la pili, jepesi. Kisha akafanya kama alivyokuwa akifanya miezi yote miwili: akachukua lile zito, akalimimina lote juu ya kisamvu kibichi, akachochea kuni mpaka moto ukalamba chungu.

Bibi aliruka kama mtu aliyekalia kaa la moto.

"Yallah! Mbwana! Unafanya nini?"

"Napika, mama."

"Unapika au unaua? Nani alikwambia utangulize tui la kwanza?"

"Si ndilo zuri, mama? Nataka chakula kipate utamu tangu mwanzo."

"Utamu tangu mwanzo! Tazama!" Bibi alichukua upawa, akakoroga, akauinua. Tui lilikuwa limekatika, mafuta huku, maji huku, na makombo meupe yanaelea katikati. "Kisamvu hiki hakijaanza hata kulainika, na utamu umeshakwisha. Sasa kitaiva kwa nini? Kwa maji! Sikiliza, baba. Tui la kwanza huingia mwisho. Lile jepesi ndilo la kuchemshia, hilo ndilo la kupigana na moto. Hili zito unaliweka kando, unalifunika, unajizuia. Chakula kikishaiva ndipo unalitia, unakoroga polepole, unaepua. Mtu akila, analikuta. Ukilitanguliza, huko mwisho huna cha kutia."

Baba alisimama na bakuli tupu mkononi. Mimi nilikuwa nampepea Siwema pembeni nikamwona uso. Alikuwa kama mtu anayesomewa barua.

"Mama," alisema, "hebu sema tena."

"Umekuwa kiziwi? Tui la kwanza huingia mwisho!"

"Nimesikia," alisema baba.

Tukala kisamvu kile, kibaya sana. Bibi alilala kwetu, na asubuhi kabla ya kuondoka alimwambia baba mlangoni, "Nimekuta unga wa siku mbili. Siku mbili si sifuri, kwa hiyo leo siwachukui. Lakini umebakiwa na mwezi mmoja, na mwezi huo nitakuja na kapu la nguo zao."

Jinsi tulivyomaliza siku kumi na mbili zilizobaki, msiniulize. Baba aliomba vibarua vya Jumapili, akapaka milango ya watu, akalipwa mihogo.

Ukaja mshahara wa tatu. Tangu alasiri mimi na Mkadamu tumekaa barazani, mate yanatutoka, tunamngojea baba na nyama. Tukamwona anakuja na mchukuzi na gari la mkono. Tukapiga vigelegele. Kwenye gari mlikuwa na mchele, sukari, chupa ya samli, maharage, papa mkavu mzima amekunjwa kama mkeka. Na mlikuwa na kifuko kingine: unga wa muhogo na dagaa.

Baba aliingiza vitu vyote chumbani. Lilikuwamo kasha la mama, kasha la mninga lenye misumari ya shaba, alilokuja nalo siku ya harusi yake. Alilifungua. Kanga za mama zilikuwa bado zimo chini, zimekunjwa kwa mikono yake. Baba akatandika gazeti juu ya kanga, akapanga mchele, sukari, samli, papa, akafunga, akatia kufuli, na ufunguo akautia uzi akauvaa shingoni. Halafu akaenda jikoni akasonga bada.

Jaha, hujui bada wewe. Ni ugali wa unga wa muhogo, mweusi, unavutika. Mtamu ukiwa na samaki wa maana. Kwa dagaa na majani ya mchunga, siku ya mshahara, huku nyumba ya Bi Sikudhani inakaanga vitunguu vya pilau na moshi wote unaingia kwetu, bada ile ilikuwa adhabu. Mkadamu alilia wazi wazi.

Mimi nikauliza, "Baba, hujalipwa leo?"

"Nimelipwa."

"Mbona tunakula bada?"

"Tui la kwanza huingia mwisho, mwanangu. Kula."

"Mama angekuwepo," nikasema, "tungekula wali."

Baba aliinuka. Akanawa mikono, akatoka uani, akaketi juu ya mbuzi bila nazi, mgongo ametugeuzia. Nilimwona. Nilijua nimemchoma, na sikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa na hasira na hamu ya wali, na kwa mtoto wa miaka kumi vitu hivyo viwili vinatosha.

Wiki ile ya kwanza ilikuwa bada na dagaa, bada na mchunga. Mchunga hatukununua, alitupeleka mwenyewe kuuchuma kando ya reli, akatuonyesha upi mchungu sana na upi wa wastani. Sabuni aliikata kwa uzi vipande vinne, kipande kwa wiki. Wenzangu shuleni walinicheka: "Mwantumu, kwenu Ramadhani imewahi?" Nikirudi nalitazama kasha lile na kufuli lake, na roho inaniuma. Chakula kimo ndani, na sisi tuko nje.

Wiki ya pili yakaingia maharage, na sukari kijiko kimoja kimoja kwenye uji. Wiki hiyo Siwema akashikwa na homa, kama ile ya mama. Baba hakubanduka kando yake, nakwambieni. Hakwenda kazini siku mbili. Alifungua kasha, akatoa sukari na samli, akampikia uji laini kila akiamka, akamkamulia malimau, na pesa ya dawa aliitoa kwenye kitambaa alichokifunga chini ya samli. Mwezi mmoja nyuma, tarehe kama ile, asingekuwa na hata kijiko cha sukari. Siwema akapona. Nilianza kuelewa kidogo, ila sikutaka kukubali.

Wiki ya tatu, Ijumaa, tukala wali na maharage. Wiki ya nne, mtaa mzima umekauka, watu wanakopeshana chumvi, sisi ndiyo kwanza tunapandisha. Baba akawa anatoa mchele kila siku, na papa akamchemsha kwa tui jepesi, akamtia tui zito mwisho, na harufu ikaruka ua. Watoto wa Bi Sikudhani wakawa wanacheza karibu na mlango wetu bila sababu. Baba akapakua bakuli, akanipa nipeleke. Bi Sikudhani alilipokea akiwa ameinamisha macho, na kicheko cha mbuzi ya nazi sikukisikia tena.

Tarehe ishirini na sita, Jumamosi mchana, tukasikia sauti kabla ya kumwona mtu.

"Leo hodi sipigi!"

Bibi Mwanasha alikuwa ameteremka kwenye lori la nazi, kapu kubwa tupu mkononi, kanga imefungwa kiunoni kwa vita. Majirani wakatoka. Akamkuta baba uani, anasafisha brashi zake.

"Mbwana! Neno limenifikia Pangani. Nimeambiwa siku ya mshahara wanangu wamekula bada kama wafungwa. Nimeambiwa una chakula, umekifungia kwenye kasha la mwanangu, na ufunguo unalala nao! Kweli au uongo?"

"Kweli, mama."

Watu wakashika vichwa. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Kweli! Anakubali! Unamlimbikizia nani? Una mwanamke? Sema, una mwanamke?"

"Sina, mama."

"Fungua kasha. Halafu Mwantumu, kusanya nguo zenu."

Baba alivua ule uzi shingoni. Hakufungua mwenyewe, alimpa bibi ufunguo mkononi, kwa adabu, mikono miwili. Tukaingia chumbani, na nusu ya mtaa ikajaa dirishani. Bibi akainua mfuniko.

Mlikuwa na vifurushi vitano vya mchele, kila kimoja kimefungwa peke yake kwa kitambaa. Mlikuwa na kopo la sukari lililofika nusu, samli vidole vitatu, kipande cha papa, nazi mbili. Na chini ya gazeti kanga za mama, hazijaguswa.

Bibi alivihesabu vile vifurushi kwa kidole.

"Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na sita, mama."

Akahesabu tena, polepole, siku kwa kifurushi, mpaka thelathini. Kisha akageuka dirishani. "Sikudhani, kwako leo mnapika nini?"

"Mama, usiniumbue mbele za watu," alisema Bi Sikudhani, na watu wakacheka. Bibi hakucheka. Akamvuta Mkadamu, akampapasa mbavu. Akambeba Siwema, akampima uzito. Mwisho akamtazama baba, na hapo ndipo sote tulipomtazama baba: shati lilikuwa likimpwaya kama la kuazima, na mifupa ya shingo ilikuwa nje.

"Na wewe mwezi huu umekula nini?" aliuliza.

"Chochote, mama. Machicha ya nazi si mabaya ukiyakaanga na chumvi."

Bibi akaligeukia kasha tena. "Nani amekufundisha kupanga hivi? Mwanangu Mwanamkasi alikufundisha?"

"Hapana. Umenifundisha wewe."

"Mimi? Lini?"

"Siku ya kisamvu. Ulisema tui la kwanza huingia mwisho. Nikaona ndivyo ninavyofanya na mshahara wangu. Namimina lote zito siku ya kwanza, moto unalikata, na mwisho nawapa wanangu maji. Basi mwezi huu nikatanguliza jepesi."

Bibi akashika kiuno.

"Ee Mola wangu," alisema. "Mbwana, baba yangu, mimi nilikuwa nasema mchuzi!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya ukingo wa kasha, akipiga mapaja, na mtaa wote ukacheka naye, hata baba. Halafu mkono wake ukagusa kanga za mama, na kicheko kikageuka. Akalia. Tangu msibani hakuwahi kulia mbele za watu, yeye ndiye aliyekuwa akinyamazisha wengine. Baba akawaomba watu waondoke dirishani, akamletea maji.

Alipotulia, alijifuta uso. "Haya," alisema, "nipikie."

Baba akapika papa yule na wali. Bibi aliketi pale pale mlangoni pa jiko, macho makali kama ya hakimu. Baba akatanguliza tui jepesi. Akangoja. Chakula kikaiva, akapunguza kuni, akatia tui la kwanza, akakoroga taratibu kwa upawa, halikukatika hata tone. Bibi akageuza uso ukutani ili asionekane anavyofurahi. Kisha akala, na akaomba kuongezewa, yeye ambaye kwa mkwe wake hakuwahi kumaliza hata sahani ya kwanza.

Kesho yake akarudi Pangani peke yake. Lile kapu aliliacha, akasema litafaa kuwekea mkaa. Kwenye lori alilisema neno lile kwa dereva, huko Pangani akalisema kisimani na kwenye ngoma za harusi, na Ngamiani kwetu Bi Sikudhani akawa analitangaza kila siku ya mshahara, akimtolea mumewe macho. Miaka michache tu, watu walikuwa wakilisema bila kujua limetoka wapi.

Baba alitulea mwenyewe sote watatu. Mkadamu akawa mwalimu. Siwema, mnamjua, hakuna anayempita kwa kupika. Nyumba ile imeshauzwa, na ua ule umejengwa duka la vipuri. Lakini nikifumba macho namwona juu ya mbuzi, mabega yanakwenda mbele na nyuma, kucha nyekundu, anaimba kwa sauti mbaya ili tusisikie njaa. Tulikuwa na raha, wanangu. Hatukujua tu kwamba ile ndiyo raha.

Sasa mnataka kuinuka. Kaeni. Mmeniuliza msemo umetoka wapi nimewaambia, lakini kuna jambo hamkuniuliza. Hamkuniuliza nani aliyempelekea bibi habari Pangani.

Ni mimi.

Siku ya nne baada ya mshahara ule nilimngoja yule mtu wa lori la nazi la Pangani njiani, nikiwa natoka shule, tumbo limejaa bada. Nikamwambia, mwambie bibi yangu baba anatufungia chakula ndani ya kasha. Mwambie aje atuchukue. Nilisema hivyo hivyo: atuchukue. Akasahau au akachelewa, ndiyo maana bibi alikuja tarehe ishirini na sita badala ya tarehe saba. Angefika tarehe saba angetukuta kwenye bada na dagaa, na mimi, Mkadamu na Siwema tungekua kila mtu kwake, na mwanamume yule angebaki na kasha. Kila aliponipakulia wali wiki ile ya nne, nilikuwa nikitazama mlango. Nilijua bibi yuko njiani na nilijua nani kamwita.

Baba aliishi miaka arobaini zaidi. Hakuwahi kuuliza nani alipeleka neno, wala sijui kama alijua. Nami nilimwosha, nilimlisha, nilimshika mkono siku zake za mwisho, na sikumwambia. Huu mwaka wa kumi na tisa yuko chini ya udongo, na hamkuwahi kunisikia nikilisema hili kwa mtu yeyote. Usinitazame hivyo, Salha. Nipe huo ungo, Jaha, umeacha mawe.

Yote niliyowasimulia kabla ya hapo yalikuwa ya kuchemshia tu. Tui la kwanza huingia mwisho.